UZI: Mkanda mwekundu wa Japani, ubingwa wa mieleka ya wanawake ambao haujawahi kupata mpinzani

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari zenu.

Humu kila ukifunguliwa uzi wa mieleka, haujafika ukurasa wa pili tumeshahamia kwa Undertaker na John Cena, na wanawake wanatajwa kwa kupita tu. Leo naomba tukae Japani. Nataka tuuzungumzie mkanda mmoja, ubingwa wa dunia wa WWWA (World Women's Wrestling Association), uliokuwa chini ya kampuni ya All Japan Women's Pro-Wrestling. Mashabiki wa kule waliuita mkanda mwekundu kwa rangi yake, na ule uliokuwa chini yake, wa All Pacific, wakauita mkanda mweupe.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnibane vizuri: sijaona mkanda wa mieleka ya wanawake uliowahi kuwa na uzito kama huu. Na uzito wenyewe ulitokana na ugumu wa kumvua aliyeuvaa. Ulikuwa unamfukuzia bingwa miaka, unapigwa, unanyolewa, unarudi.

Chimbuko lake ni Marekani. Mildred Burke, bingwa mkubwa wa zama zake, alikwenda Japani Novemba 1954 na wenzake, wakapigana Tokyo mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona mwanamke akipanda ulingoni. Jina la WWWA lilitokana na chama chake. Mwaka 1968 ndugu wa familia ya Matsunaga wakaanzisha All Japan Women, na mwaka 1970 Aiko Kyo akamvua Mmarekani Marie Vagnone. Hapo ndipo mkanda ulipoanza kupata wenyeji.

Miaka ya mwanzo mchezo ulikuwa huohuo: anakuja mgeni anauchukua, Mjapani anaurudisha. Mwaka 1975 akatokea Mach Fumiake, binti wa miaka 16 aliyekuwa amepita kwenye mashindano ya kusaka waimbaji ya runinga, akamshinda Jumbo Miyamoto na kuwa bingwa wa dunia. Miaka 16! Akina Matsunaga wakaona kumbe kuna hadhira ambayo hawakuwa wameigusa, yaani wasichana wa shule. Kabla ya hapo waliojaa ukumbini walikuwa wanaume watu wazima.

Ndipo wakaja Jackie Sato na Maki Ueda, wakiitwa Beauty Pair. Wanapigana, wanashika maikrofoni wanaimba katikati ya ulingo, nyimbo zao zinauzwa nchi nzima, Fuji TV inarusha. Lakini mkanda ni mmoja na wao ni wawili. Tarehe 27 Februari 1979, ndani ya Nippon Budokan, walikutanishwa kwa sharti moja: atakayeshindwa anastaafu. Ueda akashindwa, akaondoka. Kampuni ilikubali kuvunja kundi lililokuwa likiiingizia fedha kuliko kitu chochote, ili bingwa abaki mmoja. Nikisema mkanda ulikuwa mzito, namaanisha mambo ya namna hii.

Naendelea, msinikatishe kwanza.

#2 – Mleta uzi

Miaka ya 80.

Jackie Sato alivuliwa na Jaguar Yokota Februari 1981. Kwa wanaopenda ufundi, huyu ndiye bingwa wa kumtafuta. Mwili mdogo, mwepesi, kila shiko analijua na namna ya kujinasua anaijua pia. Mwaka 1983 La Galactica kutoka Mexico alimpora mkanda, lakini haukupita muda Jaguar akaurudisha. Aliuachia mwishoni mwa 1985 akiwa na maumivu, na Devil Masami akaushika.

Kuna jambo mnapaswa kulijua ili muelewe kwa nini mabingwa hawa walikuwa wadogo kiumri. Kampuni ilikuwa na desturi ya kuwastaafisha wanawake wakiwa na miaka 25 au 26. Halafu kulikuwa na makatazo matatu: usinywe pombe, usivute sigara, usiwe na mwanaume. Binti anaingia bwenini ana miaka 15 au 16, anapika, anafua nguo za wakubwa zake, anafanya mazoezi hadi anatapika, na saa inahesabu. Ana miaka kama kumi tu ya kuufikia mkanda mwekundu. Wengi hawakuufikia.

Nalisema wazi kwamba utaratibu ule ulikuwa wa kikatili. Fedha ziliishia kwa wenye kampuni na wasichana wakabaki na magoti mabovu. Naupenda mkanda huu, lakini siwezi kuisifia kampuni kwa hilo.

#3 – Mchangiaji

Mkuu uzi mzuri, ila tusidanganyane. Mieleka ni maigizo. Mshindi anapangwa ofisini. Sasa mkanda wa kupangwa unakuwaje mzito?

#4 – Mleta uzi

Mkuu hapo juu, swali halali kabisa.

Ndiyo, mshindi wa pambano kubwa alikuwa anapangwa. Ila jiulize anapangwa kwa vigezo gani. Akina Matsunaga walikuwa wanampa mkanda mtu wanayejua ukumbi utajaa kwa jina lake, na ambaye mwili wake utahimili mapambano usiku baada ya usiku, maana walikuwa wanazunguka Japani nzima kwa basi. Kwa hiyo kuupata mkanda ni kushinda wenzako wote bwenini, ila ushindi huo unapatikana taratibu, kwa miaka.

La pili, kwa wasichana wapya kulikuwa na mapambano ambayo hayakupangwa kabisa sehemu ya mwisho. Mnafanya mieleka ya kawaida, kisha ikifika muda fulani mnashikana kweli, kila mmoja anajaribu kumbana mwenzake mabega chini hadi refa ahesabu tatu, na mwenzake anajitupatupa na kukunja shingo kama daraja ili asibanwe. Nani atapanda ngazi, nani atabaki kubeba mabegi, mara nyingi ilijulikana hapo.

La tatu, kuanguka hakuigizwi. Muulize yeyote aliyewahi kutupwa juu ya mbao zilizofunikwa turubai.

#5 – Mchangiaji

Namuunga mkono mleta uzi. Mtafuteni Akira Hokuto. Mwaka 1987, akiwa bado binti mdogo, wakitetea mkanda wa wawili wawili na mwenzake Yumiko Hotta, alipigizwa kichwa chini toka kwenye kamba, shingo ikavunjika. Akamalizia pambano akiwa amekishika kichwa chake kwa mikono miwili kisidondoke. Nimeiona picha yake amekaa vile na sikuweza kuitazama mara mbili.

Na huyo mkanda mwekundu hakuwahi kuuvaa maisha yake yote. Mweupe aliuvaa, mwekundu hapana. Kwangu mimi hiyo ni dosari ya mkanda wenyewe.

#6 – Mchangiaji

Mbona mmewaruka Crush Gals? Chigusa Nagayo na Lioness Asuka ndio walioifanya mieleka ya wanawake iwe moto kuliko wakati wowote. Na lile pambano la nywele, 28 Agosti 1985, Osaka, Chigusa dhidi ya Dump Matsumoto. Dump amemfunga mnyororo shingoni, damu usoni, Chigusa anashindwa kusimama hesabu inapoisha, kisha anakalishwa kwenye kiti katikati ya ulingo na kunyolewa. Ukumbi mzima ni wasichana wa shule na wote wanalia, wengine wanapiga mayowe mpaka sauti zinakauka. Hakuna pambano la mkanda linalofikia hapo.

#7 – Mleta uzi

Dada/kaka hapo juu umenigusa. Sikuwaruka, nilikuwa njiani kwenda huko.

Pambano la nywele la 1985 lilikuwa kubwa kuliko mapambano mengi ya mkanda wa miaka hiyo, sibishi. Dump Matsumoto alichukiwa kiasi kwamba familia yake ilisumbuliwa mtaani, na vijana wengi sasa wamemfahamu kupitia tamthilia ya maisha yake iliyotoka 2024. Novemba 1986 walirudiana na Dump ndiye akanyolewa. Lakini angalieni: Dump, pamoja na umaarufu wote ule, hakuwahi kuwa bingwa wa mkanda mwekundu. Chigusa ilibidi asubiri hadi Oktoba 1987, akaupata kwa Yukari Omori. Lioness akaja kuushika Januari 1989, na kufikia mwisho wa mwaka huo wote wawili walikuwa wamestaafu kwa ile desturi ya umri.

Kampuni ikabaki bila steringi. Wasichana wa shule hawaji tena. Na hapa ndipo penye kiini cha uzi wangu.

Dump alikuwa na mwanafunzi wake, Bull Nakano, ambaye aliwahi kunyolewa nusu ya kichwa kwa amri ya kundi ili aonekane mbaya. Dump alipostaafu 1988, Bull akabaki na kundi la maadui, yaani wanamieleka waliowekwa ili wazomewe, bila mkubwa wake. Januari 1990 Bull alishinda mashindano ya kumsaka bingwa mpya, kwenye fainali akimwangusha Mitsuko Nishiwaki. Adui anakuwa bingwa! Mwanamke mnene, nywele amezisimamisha juu kama mnara, uso umepakwa buluu. Kwa kawaida ya mieleka, adui anashika mkanda miezi miwili mitatu ili steringi aje amvue. Bull alikaa nao karibu miaka mitatu, siku 1,057.

Na aliyekuja kumfukuzia hakuwa steringi mrembo. Alikuwa Aja Kong.

#8 – Mleta uzi

Aja Kong naomba nimpe posti yake peke yake.

Alizaliwa Tachikawa, Tokyo, 1970. Mama Mjapani, baba mwanajeshi mweusi wa Marekani ambaye hakubaki kumlea. Alikulia Japani ya miaka ya 70 akiwa na ngozi hiyo na nywele hizo, na amesimulia mwenyewe jinsi alivyosakamwa shuleni. Aliwaona Crush Gals akataka kuwa Chigusa. Kampuni ilipomchukua 1986 ikamtazama mwili na rangi yake, ikamweka moja kwa moja kwa maadui.

Alianza chini ya Bull. Kisha yeye na Bison Kimura wakaasi, wakaunda Jungle Jack, na vita ikawaka ndani ya kundi moja. Novemba 1990, Yokohama, wakafungiwa ndani ya kizimba cha chuma. Bull alimlaza Aja katikati ya ulingo, akapanda hadi juu kabisa ya kizimba, akasimama pale, akakutanisha viganja kama anayeswali, kisha akajirusha, mguu mbele, ukatua shingoni kwa Aja. Akainuka, akatoka nje. Umeshaona watu wengi wakiruka toka kizimbani tangu hapo. Tazama hilo, kisha niambie.

Januari 1991 wakakutana wawili wawili, nywele rehani. Aja na Bison wakashindwa, wote wawili wakanyolewa. Aja akaendelea kumfuata. Mwaka mwingine ukapita. Ni 26 Novemba 1992, Kawasaki, alipomwangusha Bull hatimaye, hesabu ya tatu, mkanda mwekundu ukahamia kwake.

Wakuu, fikirieni nani walikuwa wamesimama kwenye kilele cha mieleka ya Japani usiku ule. Wanawake wawili ambao kampuni iliwaajiri ili wazomewe. Mmoja mtoto wa mweusi aliyeambiwa tangu utotoni kwamba si wa pale. Na ukumbi mzima unamlilia kwa furaha. Hakuna wimbo, hakuna sketi, hakuna sura ya gazeti. Waliufanya mkanda uwe mkubwa kwa miili yao tu na kwa miaka miwili ya kutokubali yaishe.

Aja aliushikilia hadi 26 Machi 1995. Ngumi yake ya mgongo wa kiganja, na lile debe la bati alilokuwa anawatwanga nalo watu kichwani, viliwafanya wapinzani waonekane mashujaa kwa kusimama tu mbele yake. Kila aliyepambana naye akashindwa alitoka akiwa mkubwa kuliko alivyoingia. Kwangu hicho ndicho kipimo cha bingwa.

#9 – Mchangiaji

Mleta uzi unaandika vizuri ila umempa Aja sifa zote. Aliyemvua hiyo Machi 1995 ni nani? Manami Toyota. Na Toyota ndiye mwanamieleka bora kupata kutokea, mwanamke au mwanaume. Mtu anaruka toka kona ya juu kuangukia watu nje ya ulingo, anainuka, anakimbia tena. 7 Mei 1995 alitetea mkanda dhidi ya Kyoko Inoue pale Korakuen Hall, wakaenda dakika 60 kamili, sare. Dakika 60 bila kupumzika! Hata mpira una mapumziko. Lile pambano lilichaguliwa na jarida la Marekani la Wrestling Observer kuwa pambano bora la mwaka, wanaume wote wamo humo humo.

#10 – Mleta uzi

Mkuu, Toyota hana ubishi kwa uwezo. Pambano la dakika 60 nimelitazama na sitamani liishe. Ninachosema ni kwamba Toyota alirithi mkanda uliokwisha kujengwa. Akiuvaa yeye, mapambano yanakuwa bora. Akiuvaa Aja, kuupata kunakuwa na maana. Ni vitu viwili tofauti, na nikilazimishwa kuchagua nachagua cha pili.

Halafu tazama 1995 ilivyokwenda: Toyota Machi, Aja tena Juni, Dynamite Kansai Agosti, Toyota tena Desemba. Mabingwa wanapokezana ndani ya mwaka mmoja baada ya miaka mitano ya mabingwa wawili tu. Kampuni ilikuwa imeanza kuhangaika. Novemba 1994 walijaza Tokyo Dome, waandaaji wakatangaza zaidi ya watu 40,000, onyesho likachukua muda wa kama saa kumi nzima. Lilikuwa tukio la fahari, na usiku huohuo Bull Nakano akachukua mkanda wa wanawake wa WWF, kampuni ya Marekani ambayo sasa ni WWE, kwa Alundra Blayze. Ila baada ya pale walishuka. Akina Matsunaga walikuwa wametumbukiza fedha kwenye ardhi na migahawa, uchumi wa Japani ukapasuka, na 1997 hawakuweza kulipa. Wanawake walikaa bila mishahara. Aja akaondoka, Kyoko akaondoka, wengi wakaondoka.

Kuhusu Hokuto, mchangiaji #5, nakubaliana nawe moja kwa moja. Alistahili.

#11 – Mchangiaji

Sisi wengine tunawajua kina Iyo Sky na Kairi kupitia WWE. Je, hao nao wametokea kwenye mkanda huu? Au ulikufa?

#12 – Mleta uzi

Swali zuri sana hili.

All Japan Women ilifunga milango 2005. Kabla ya hapo mkanda ulipita pia kwa Amazing Kong, Mmarekani mweusi ambaye wengi mlimwona baadaye kwenye kampuni ya Marekani ya TNA akiitwa Awesome Kong. Wa mwisho kuushika alikuwa Nanae Takahashi, na baada yake ukawekwa kando moja kwa moja.

Lakini Rossy Ogawa, aliyekuwa mtu wa habari wa kampuni ile, alianzisha kampuni ya Stardom pamoja na huyohuyo Nanae na mwanamieleka Fuka. Onyesho la kwanza Januari 2011. Wakatengeneza mkanda mkubwa wa kampuni, na wakaupa rangi gani? Nyekundu. Wa chini yake mweupe. Na bingwa wa kwanza wa mwekundu, Julai 2011, akawa Nanae Takahashi. Waliokuwa na umri wa kukumbuka walielewa bila kuambiwa.

Iyo Sky unayemwona WWE, akiitwa Io Shirai, aliushika huo mwekundu wa Stardom mara mbili. Kairi aliupata 2015, akiitwa Kairi Hojo, baada ya balaa kubwa: Februari 2015, Korakuen Hall, bingwa Yoshiko aliacha mieleka akampiga kweli Act Yasukawa usoni, mifupa ikavunjika, na Yoshiko akavuliwa mkanda na ofisi. Kairi ndiye aliyepewa kazi ya kuusafisha. Toni Storm naye aliushika. Mayu Iwatani aliushika mara mbili, na Juni 2021 Utami Hayashishita na Syuri wakaupigania zaidi ya dakika 40 hadi wote wawili wakashindwa kuinuka.

Ogawa alipoachana na Stardom 2024 akaanzisha kampuni nyingine, Marigold. Mkanda wake mkubwa ni mwekundu pia. Bingwa wa kwanza, Sareee.

#13 – Mchangiaji

Naomba niongeze kuhusu Tam Nakano wa Stardom maana nimemfuatilia tangu alipompora Giulia nywele pale Budokan 2021. Tarehe 27 Aprili 2025, Yokohama Arena, alipambana na Saya Kamitani, bingwa wa mkanda mwekundu, kwa sharti kwamba atakayeshindwa anaacha mieleka. Tam akashindwa. Akaacha kweli. Niliumia, na mpaka leo najiuliza kama kulikuwa na haja.

#14 – Mleta uzi

Pole. Niliumia pia.

Umeona lakini? Sharti lilelile la Sato na Ueda, 1979, kwa mkanda wa rangi ileile. Tofauti ni kwamba Ueda aliondoka akiwa bado binti, kwenye kampuni ambayo hata angeshinda ingemtoa akigusa miaka 26. Tam aliondoka mtu mzima, na mbele ya ukumbi ambao ulijua anachokifanya. Na Kamitani, mwenye sura na miguu ya kucheza muziki, aliyeanza akitaka kuwa mwimbaji, amepata ukubwa wake baada ya kusaliti kundi lake 2024 na kuhamia kwa maadui. Bull Nakano alifungua mlango huo.

Haja ilikuwepo? Ndiyo, kwa maoni yangu, kwa sababu walichagua wao wenyewe kulibeba. Nisingesema hivyo kuhusu Ueda.

#15 – Mchangiaji

Mleta uzi, shukrani. Mimi sijawahi kutazama hata pambano moja la hao. Nianzie wapi nisipotee?

#16 – Mleta uzi

Anza na kizimba, Bull na Aja, Novemba 1990. Kisha ruka moja kwa moja hadi wawili haohao tarehe 26 Novemba 1992, usitazame matokeo kwanza hata kama umeshayasoma hapa. Ukimaliza, tafuta Toyota na Kyoko, 7 Mei 1995, ila hilo litengee saa nzima na uweke simu mbali. Dakika kumi na tano za mwanzo zitaonekana za kawaida. Vumilia. Kuanzia dakika ya arobaini uangalie miguu ya Kyoko anapojaribu kusimama, halafu rudi hapa uniambie ulichokiona.